Klachi ya Mkunga

Mkunga aliingiza gari lake gereji kwa gia ya kwanza, injini ikinguruma kama inavuta lori huku magurudumu yakitambaa. Harufu ilitangulia. Fundi alikuwa ameinamia boneti ya gari jingine, na kabla hajainua kichwa alikwisha jua kwamba klachi inaungua. Akafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaenda kumfungulia mlango.

"Habari za tangu siku ile, Mama?"

"Nzuri, fundi. Klachi tena."

"Nimeisikia toka barabarani."

Lilikuwa gari dogo la milango minne, la rangi ambayo zamani iliitwa krimu. Klachi hiyo aliifunga fundi mwenyewe, mpya, na msimu ulikuwa haujageuka tangu aifunge. Kabla ya hiyo alifunga nyingine, nayo ilikwenda hivyo hivyo. Fundi hakuwa mtu wa kuona haya kwa mambo mengi, lakini kazi yake kumrudia mapema namna hiyo ilimkosesha raha.

Aliamini kwamba kila ubovu una kipuri chake. Gari likikohoa kuna kipuri, likitetemeka kuna kipuri, na mtu mwenye subira na taa nzuri atakipata tu. Imani hiyo ilimfaa sana gerejini. Nje ya gereji ilikuwa imemfarakanisha na shemeji yake, kinyozi wa mtaa wa pili, ambaye walikuwa hawajasalimiana naye tangu siku ya mazishi. Mdogo wake fundi, mke wa kinyozi, alikufa yeye na mtoto tumboni siku alipokuwa akipelekwa hospitali, na gari la kinyozi lilikwamia mlimani kwa sababu ya klachi. Fundi alikuwa amemwonya shemeji yake kuhusu klachi ile. Pale makaburini alimwambia mbele ya watu kwamba kilichomuua mdogo wake ni sahani ya klachi, basi.

Sasa aliketi kwenye usukani wa mkunga, akavuta breki ya mkono, akaweka gia ya nne, akaachia klachi taratibu huku akikanyaga mafuta kidogo. Klachi nzima hapo huizima injini, kwa kuwa injini imeshikana na magurudumu na magurudumu yamefungwa. Injini ya mkunga haikuzima. Iliendelea kuunguruma peke yake, haina habari. Fundi akapima mchezo wa pedali, akaukuta wa kutosha. Akalala chini ya gari na taa yake kutafuta oili, maana sili ya injini ikivujia kwenye sahani, hata sahani mpya huteleza. Palikuwa pakavu kabisa.

Alipotoka chini aliuliza swali ambalo mafundi wote huliuliza na madereva wote hulichukia.

"Mama, huwa unapumzisha mguu kwenye klachi ukiwa unaendesha?"

"Mguu wangu naujua ulipo. Nimeanza kuendesha wewe ukiwa unanyonya."

"Sikusema vibaya, Mama."

"Ni abiria," alisema mkunga. "Wananipandia kwenye kona ya mlimani nikirudi nyumbani. Siku hizi wameongezeka."

"Abiria gani hao?"

"Wajawazito. Wale ambao hawakufika."

Fundi alikunja uso. Hakukasirishwa na habari yenyewe, bali na kule kufichwa jambo la kazi. "Si ungeniambia mapema, Mama? Klachi hufungwa kwa kuangalia mzigo. Mimi muda wote nakufungia ya mtu mmoja na mkoba."

"Nilidhani marehemu hawana uzito," alisema mkunga. "Kumbe wanao."

Hospitali ilikuwa juu ya mlima, mwisho wa barabara yenye kona nyingi, na mkunga aliishi kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma yake. Zamani alifanya kazi wodi ya wazazi. Baadaye alihamishiwa kliniki ya mjini, huku chini, kupima watoto uzito. Wodi ikatangazwa kuwa inapokea mchana tu, kwa uchache wa wafanyakazi, na jua likizama geti linafungwa. Mkunga alipowaambia kina mama wa kliniki wasiitegemee wodi ya juu, watafute mji mwingine mapema, watu walisema ana kinyongo cha kuhamishwa. Fundi naye alikuwa amesema hivyo, tena kwa sauti.

"Twende nikauone mzigo," alisema.

Waliondoka jioni, mkunga akiendesha, fundi kando yake ametega sikio. Kwenye kona ya kwanza ya mlima wanawake walikuwa wamesimama kwa mstari pembeni mwa barabara, kila mmoja na mkoba wa nguo za mtoto. Mkunga alisimamisha gari, akavuta breki, akawauliza mmoja mmoja uchungu umefikia wapi, kisha akawapanga. Waliingia wote. Ungetazama kiti cha nyuma ungesema watatu wamejaza, lakini waliingia wote, na aliyevaa koti la kijani akaomba akae dirishani. Kila mmoja alipoketi, springi zililia na gari likazama kidogo, mpaka matairi ya nyuma yakakaribia kugusa bodi. Fundi akahesabu uzito kichwani kama alivyozoea.

Wa mwisho kuingia alikuwa mdogo wake. Alivaa gauni alilotoka nalo nyumbani, mkono mmoja kiunoni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Nani amekunyoa hivyo? Umekuwa kama umeliwa na panya."

"Nimejinyoa mwenyewe."

"Mume wangu yupo, wewe unajinyoa mwenyewe?"

Fundi akatazama barabara. Alitaka kugeuka amshike mkono, lakini kati yao palikuwa na matumbo ya watu na mikoba yao, na gari lilikwisha anza kupanda. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja chenye grisi. Mkunga alimpa leso bila kumtazama.

Mlima ulipokaza, injini ilipandisha sauti na gari likabaki na mwendo uleule. Wanawake walikuwa wakizungumza nyuma, mazungumzo ya watu waliozoea safari moja. Walikuwa wakisimuliana kilichowachelewesha siku ile. Mmoja alisema kwake ilikuwa pancha. Mwenye koti la kijani alisema ni mvua, walijibanza kibarazani wakisubiri ikatike. Mwingine alisema mama mkwe alishikilia lazima ale kwanza, na alipomaliza kula jua likawa limekwenda.

"Sisi ni klachi," alisema mdogo wake fundi. "Kaka alikwisha mwambia mume wangu aibadilishe. Ndiyo hivyo tena."

Alilisema bila ubaya wowote. Fundi alilisikia kama mtu anayesomewa hukumu aliyoiandika mwenyewe, akaona ni ya haki.

Kwenye mpando mkali kuliko yote gari liligoma. Injini ilinguruma, moshi wa klachi ukaingia ndani, magurudumu yakasimama. Wanawake wakafungua milango wakashuka, wakaweka mikoba juu ya paa, wakasukuma. Fundi naye alishuka akasukuma, bega lake karibu na bega la mdogo wake, akimsihi asijikaze. "Nisijikaze nifanye nini?" alisema mdogo wake. "Nikae hapa?"

Walifika jua limezama. Mlinzi wa geti dogo la wodi ya wazazi, mzee mwenye koti lililomzidi, alisimama kwa heshima akawasalimu wote.

"Mmechelewa, mabinti," alisema. "Mje kesho, lakini muwahi."

Hakuna aliyebishana. Waliketi kwenye benchi refu nje ya geti, wakavua viatu, wakasugua miguu iliyovimba. Kisha wakainuka wakaanza kuteremka kwa miguu kurudi kwenye kona, wakifuatana, wakishikana mikono palipoteleza. Mdogo wake fundi alibaki nyuma kidogo.

"Kaka, ukilitengeneza vizuri tutawahi."

"Nitalitengeneza."

"Kweli?"

"Lini nimekudanganya?"

Fundi hakuwaza kumfufua, hayo hayakuwa ya fundi wa magari. Aliwaza jambo dogo tu, kwamba afike mapema, apokelewe, alazwe kwenye kitanda chenye shuka, ajifungue, apumzike. Aliliwaza usingizini na akaamka nalo. Mlima huo lazima upandike, na kinachohitajika ni klachi.

Asubuhi aliteremsha giaboksi. Sahani ilikuwa imekwisha hadi kwenye misumari yake ya ribiti, na ribiti zilikuwa zimechora mifereji kwenye flaiwili, gurudumu la chuma ambalo sahani hubanwa juu yake, na ambalo lilikuwa na madoa ya buluu kwa joto. Aliifunga sahani ndani ya gazeti akaenda nayo dukani.

Muuza vipuri, mtu mnene asiyependa kuinuka, aliipokea akaitazama upande huu na upande huu. "Hii imebeba nyumba," alisema.

"Nipe ya kuishinda."

Muuza vipuri aliweka ya kwanza kaunta, mpya, ndani ya sanduku linalong'aa. Fundi akaikwaruza kwa ukucha na ukucha ukatoka na unga. Akairudisha. Ya pili ilikuwa imetumika, imetoka kwenye gari lililokatwa, ya kiwandani kabisa, imara, lakini ilibaki na unene wa nusu. Fundi aliishika kwa muda mrefu. Kwa gari la mtu mmoja na mkoba angeichukua, tena kwa furaha.

"Mzigo gani kwani?" aliuliza muuza vipuri.

"Wajawazito. Marehemu."

"Wale wa mlimani?" Muuza vipuri alijikuna kidevu. "Binamu yangu atakuwemo. Ana koti la kijani."

"Yumo. Anakaa dirishani."

"Alipenda dirisha tangu utoto." Akaigeuza tena ile sahani iliyokwisha. "Kosa langu lile. Nilimwambia tusubiri mvua ikatike."

Kisha aliinuka, jambo ambalo wateja wake wengi hawakuwahi kuliona, akaenda stoo. Alirudi na klachi ya kigari cha mizigo kilichotoka kiwanda kilekile na injini ileile, sahani pana zaidi, presha yake ya kuibana na flaiwili yake. Fundi akahesabu meno ya katikati ya sahani, akayalinganisha na ya zamani, maana hayo yasipooana na shafti ya giaboksi upana haukusaidii kitu. Yalioana.

"Pedali itakuwa nzito," alisema muuza vipuri.

"Mama mkunga ana mguu."

"Chukua na beringi. Usirudishie ya zamani, tafadhali. Funga vizuri, fundi."

Fundi alifunga vizuri. Alisafisha flaiwili kwa petroli mpaka akaona sura yake humo, akaipachika sahani katikati kabisa, akakaza boliti kwa kupokezana, huku na huku, ili presha isikae upande. Alipomaliza alivuta breki ya mkono, akaweka gia ya nne, akaachia klachi. Injini ikazima papo hapo kwa kishindo. Fundi alicheka peke yake. Ilikuwa muda mrefu hajacheka.

Kesho yake mkunga aliomba ruhusa kliniki na waliondoka jua likiwa juu ya mapaa. Wanawake waliingia, springi zikalia, gari likazama. Mkunga akaachia klachi na gari likaondoka. Lilipanda kona ya kwanza, likapanda ya pili, likaufikia ule mpando mkali na kuupita kwa gia ya pili bila harufu, wanawake wakapiga vigelegele. Mwenye koti la kijani alifungua dirisha. Mdogo wake fundi alinyoosha mkono katikati ya mabega ya wenzake, akamgusa kaka yake kisogoni, pale palipokosewa kunyolewa.

"Nilisema mimi," aliwaambia wenzake. "Kaka yangu huyu."

Walifika geti dogo kivuli cha mlinzi kikiwa kifupi miguuni pake. Mlinzi alisimama, akawasalimu wote.

"Mmechelewa, mabinti. Mje kesho, lakini muwahi."

Fundi alishuka. "Mzee, jua si lile pale?"

Mlinzi aliinua macho akalitazama. "Ningelionaje kama halipo? Lipo."

"Sasa tumechelewaje?"

Mlinzi alimshika mkono akamsogeza pembeni, mbali na benchi. Alizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mgeni choo kilipo. "Ndivyo nilivyoambiwa niseme. Mwanzoni nilikuwa nasema wodi imefungwa, watu wanapiga kelele, wanaita viongozi. Ukimwambia mtu amechelewa anajilaumu mwenyewe, anakwenda zake. Na vitanda vilikwisha chukuliwa zamani."

Fundi alichungulia dirishani. Ndani palikuwa na meza za ofisi zilizopandanishwa, makabati yasiyo na milango, na sakafu iliyofagiwa vizuri.

"Mdogo wangu aliletwa hapa," alisema.

"Wote waliletwa hapa, mwanangu. Wote niliwaambia hivyo hivyo." Mlinzi aliyasugua macho yake. "Na mimi nina binti. Nimempeleka kwa shangazi yake, mbali."

Kwenye benchi wanawake walikuwa wakivua viatu. Walikuwa wamechangamka. Mdogo wake fundi alimsogezea nafasi akae.

"Leo tumekaribia sana, kaka. Umeona? Kesho tutawahi."

Fundi aliketi. Alishika mkono wa mdogo wake, ukiwa baridi na wenye jasho. Walipoteremka wote, alimgeukia mkunga.

"Ulikuwa unajua."

"Niliwaambia walio hai, wakasema nina kinyongo," alisema mkunga. "Hawa nikiwaambia, watashukia wapi?"

Fundi alikwenda moja kwa moja kwa kinyozi. Hakubisha hodi, mlango ulikuwa wazi. Hakukuwa na kiti kingine isipokuwa kile cha wateja, akakaa hapo, na shemeji yake, kwa mazoea ya mikono, akamfunga kitambaa shingoni.

"Shemeji," alisema fundi. "Siku ile geti lilikuwa limefungwa."

Kinyozi aliwasha mashine, akaizima. "Nilimbeba mgongoni kutoka mpandoni. Tulifika watoto wa shule ndiyo kwanza wanatoka. Alisimama mwenyewe akagonga lile geti. Kufuli lilikuwa na kutu, shemeji. Kutu."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Nilikwambia pale makaburini, nimekushika bega. Ulikuwa unawaeleza watu jinsi sahani ya klachi inavyokwisha."

Fundi alijitazama kwenye kioo. Alitaka kusema samahani na aliisema, lakini ilitoka ndogo mno kwa kazi iliyotakiwa kufanya. Kinyozi akaitikia kwa kichwa, akaanza kumnyoa, na wote wawili wakalia, mmoja ameketi na mmoja amesimama.

Walikwenda pamoja kwenye ofisi ya hospitali kulalamika, wakafuatana na muuza vipuri, aliyevaa shati la kutokea. Karani aliwasikiliza vizuri sana, akawapa viti. Akawaeleza kwamba malalamiko ya namna hiyo yana muda wake, na kwa bahati mbaya wao wamechelewa.

Klachi imekaa vizuri. Fundi huikagua kila mara, huongeza grisi, hurekebisha mchezo wa pedali, na mkunga hupanda mlima kila siku jua likiwa bado kali. Kinyozi huwahi kwenye kona kabla ya gari kupita, akasimama na mkewe, wakazungumza mambo ya nyumbani. Hakuna anayewaambia wanawake habari ya kufuli.

Juzi palikuwa na mgeni kwenye mstari, msichana mwenye mkoba mpya na gauni lililolowa, akitetemeka. Mkunga alimuuliza uchungu umefikia wapi, akamwingiza. Gari lilikwisha jaa lakini mdogo wake fundi alijibana, akampakatia mkoba wake, akamfuta uso kwa upindo wa gauni.

"Tutafika kabla hawajafunga?" aliuliza msichana.

"Tulia, mdogo wangu," alimwambia. "Sisi tulichelewa kwa sababu ya klachi. Kaka yangu ameshaitengeneza."